Bibi Bevilacqua

Mwaka 1931, kwenye tramu ya kutoka kijiji cha Opčine kuteremkia mji wa Trieste, niliketi nyuma ya wanawake wenzangu wawili wasiojuana, mmoja mzee, mmoja kijana. Walinong'ona Kislovenia, lugha ambayo serikali ya Italia ilikwisha amua kwamba hatuijui.

"Tangu niolewe mimi ni Vodopivec," alisema mzee, ameshika barua ya serikali. "Leo naambiwa ni Bevilacqua. Hata kaburi la mume wangu wamelichonga upya."

"Mama, jina ni nguo tu," alijibu kijana, fundi cherehani mwenye pini kolani. "Livae, uishi."

"Nguo, mwanangu, hata marehemu anavishwa? Jana nimemwita Lovrenc pale kaburini, nikaona haya, kama nimebisha mlango wa watu."

"Na ulimwita kwa sauti, kwa lugha yetu? Unataka kumfuata?"

Kituoni wakapanda wanaume wawili wenye mashati meusi, wanamgambo wa serikali, wakasimama karibu yetu. Fundi akabadili lugha papo hapo, akamchangamkia mzee kwa Kiitaliano: "Baridi leo, Bibi Bevilacqua!"

Mzee akageuka nyuma, kumtafuta anayeitwa. Macho yake yakatua kwangu. Ya wale wanaume pia.

"Kali kweli," nikaitika mimi kwa Kiitaliano.

Tramu ikasimama.