Daraja Lilipokatika, Tulikula cha Uani

Sifa zote ni za Bwana, wapendwa! Nimesimama hapa kanisani nitoe ushuhuda wangu.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Tumaini, nauza chakula pale stendi ya Nangurukuru. Mchele, maharage, vitunguu, nyanya, vyote vilikuwa vinanifikia kwa lori kutoka Dar. Mama mkwe wangu alipokuja kuishi nasi kutoka Newala, alilima uani kote: muhogo, mbaazi, maboga, matembele mpaka mlangoni. Mimi nilitaka pale pasakafiwe nianike nguo. Nikawa naanika hivyo hivyo, katikati ya mimea yake.

Ikaja mvua. Mvua gani ile! Mume wangu alikuwa safarini, akapiga simu.

"Mama Tumaini, daraja la njia ya Dar halipo!"

"Halipo kivipi?"

"Maji yamelibeba!"

Lori halikuja. Nikaenda mjini Masoko, sokoni nikakuta wauza nyanya wamekalia matenga matupu. Nikapika mchele wa mwisho, ukaisha.

Asubuhi nafungua banda, Yesu wangu! Mabasi yaliyotoka Lindi na Mtwara yamejipanga njia nzima, abiria wamelala chini, wengine wamelowa chapachapa. Akanijia mama amembeba mtoto, shingo ya mtoto imelegea.

"Dada, hata uji wa chumvi tu."

Sikuwa na kitu! Nikakimbilia nyumbani, nikaanguka mlangoni nalia. "Bwana, mbona umeniletea watu, mikono yangu mitupu?"

Mama mkwe akanishika bega. "Mwanangu, umemaliza kulia? Chukua jembe."

"La nini, mama?"

"Watu hawana chakula, na sisi tumekipanda."

Akang'oa shina la kwanza. Ndugu zangu, nilipiga ukelele! Muhogo mnene kama paja la mtu! Nikavuta la pili, la tatu, huku nacheka na machozi yananitoka. Abiria wakaja wakamenya. Kondakta wa basi akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi! Jirani yetu Bi Mwanahawa akaja na ndoo ya mbaazi kutoka shambani kwao Pande. "Hawa wageni ni wetu sote," akasema. Tukatwanga kisamvu, tukachemsha boga, tukaliponda kwa tui. Mtoto yule akala kidogo, akatapika, akala tena. Baadaye akaomba aongezewe. Mama yake akakaa chini palepale, akalia kuliko mimi.

Kila jioni nikidhani tumemaliza, asubuhi mama mkwe anapata shina jingine. Hivyo hivyo mpaka njia ikapitika. Mume wangu alipofika akasimama uani, mashimo matupu. "Kumepita nguruwe hapa?" Nikamwambia, "Kumepita Mungu."

Wapendwa, nilikuwa namwomba Bwana riziki huku naipita kila siku nikienda kuanika nguo! Siku hizi banda langu linapika kisamvu na muhogo, na mbaazi nachukua kwa wakulima wa Pande. Wateja wanagombania!

Nawasihi, mwaminini Bwana, na mshike jembe. Hapo nje ya mlango nimeweka mapingili ya muhogo na marando ya matembele. Mkitoka, kila mmoja achukue lake. Mkapande leo leo, udongo bado umelowa. Amina!