Shahidi wa Syprose

Opendi wa bodaboda alipakia abiria wawili pale Busia, bibi Syprose na kijana Brayo, waliokutana hapohapo, wote wazaliwa wa Kenya. Pikipiki ilipopita Busitema walikuwa wakibishana nyuma yake kama watu waliolelewa pamoja.

"Nyanya, unaomba ukaazi wa kudumu Uganda na cheti cha ndoa huna? Watakurudisha kwenu." "Kwetu wapi? Nyumba yangu iko Iyolwa, na kaburi la mume wangu liko palepale uani. Nina shahidi. Kitendawili!" "Tega." "Tangu niolewe anataka niondoke, na leo ndiye wa kunitetea." "Mama mkwe?" "Alishazikwa. Nipe mji." "Chukua Nairobi." "Mke mwenzangu, Awor. Nani mwingine anajua vizuri kwamba sikuondoka?"

Opendi alicheka nusura awatie mtaroni. Brayo hakucheka. "Na akiwaambia wakufukuze? Si ndiyo nafasi yake?" "Hawezi. Atabaki akigombana na nani?"

Walipofika Tororo, pikipiki ikasimama mbele ya ofisi ya uhamiaji. Awor alikuwa mlangoni, vazi lake la gomesi limemkaa, mikono kiunoni. "Wewe na kuchelewa kwako!" akafoka. "Foleni nakushikia tangu asubuhi."