Fikiri Anakwenda Kliniki Mwenyewe

Kwenye basi la kutoka Isikizya kwenda Tabora mjini, nyuma yangu walikaa watu wawili wasiojuana: Asnath, mkulima wa tumbaku, na Mzee Mfaume, fundi seremala wa Ipuli. Asnath alikuwa akimsimulia habari za mumewe.

"Pombe ya gongo ilimmaliza, baba. Alifika mahali akawa anaongea na watu tusiowaona. Kijijini wakasema karogwa. Mimi nikampakia kwenye baiskeli, kila mwezi, hadi kliniki ya afya ya akili mjini."

"Wewe ndiye uliyeendesha?"

"Sasa angeendesha nani? Yeye alikuwa anatetemeka."

Mzee akashusha sauti, ingawa basi zima lilikuwa limeshasikia. "Hayo ni ya ndani, mwanangu. Mfichie mwenzio aibu."

"Aibu ilikuwa pale alipolala mtaroni, na hakuna aliyemfichia. Sasa ana miezi saba hajaonja. Leo amekataa kupakiwa, kasema dawa anazifuata mwenyewe."

"Na wewe unakwenda kumchunga."

"Nakwenda kumwona akifika."

Tulipokaribia mjini, Asnath alisimama ghafla akagonga kioo. "Yule pale! Mwenye shati jeupe, ndiye mume wangu Fikiri!"

Sote tuligeuka. Mwanamume mwembamba alikuwa akinyonga baiskeli, mgongo umelowa jasho.

"Bado nasema ungenyamaza," alisema Mzee Mfaume, naye akiwa amenyanyuka kumtazama.

Basi liliposimama stendi niliwaacha wakibishana, Asnath ameikazia macho barabara tuliyotokea.