Damas Mihayo na Somo la Lazima kwa Wote

Baba Paroko, mashehe wetu, majirani, na ninyi wenzake wa chuo kikuu mliosukuma gari jana pale Bungu mpaka suti zikabadilika rangi: mimi ni Consolatha, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea habari za maisha ya kaka yetu, Damas Mathias Mihayo. Nitajitahidi kufuata utaratibu, ingawa yeye mwenyewe angenikatiza kabla ya aya ya pili aniulize ni nani aliyeuweka utaratibu huo.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Machi 1946 hapa Kibiti, katika nyumba ya walimu nyuma ya shule. Baba yetu, Mwalimu Mathias Mihayo, Mnyamwezi wa Ndala, Tabora, aliletwa huku kufundisha na akamwambia mama kwamba watakaa kidogo tu, kisha watarudi kwao. Kaburi lake mnaliona hapo pembeni. Basi Damas akakua Mnyamwezi asiyeijua Tabora, anayeongea Kindengereko na watoto wenzake na kusali Kilatini na baba yake, na kila lugha alikuwa akiitumia kuulizia.

Siku moja mama alimtuma chumvi dukani. Njiani akamwona mtu amebeba mgono, ule mtego wa samaki wa fito, akamfuata ajue unakwenda kuwekwa wapi. Alikuja kukamatwa jioni, njia ya Ruaruke, na jirani yetu Bi Mwajabu, ambaye tunaye hapa leo. "Weye mtoto," akamwambia, "mamako analia huko, watu wanakutafuta kutwa nzima! Chumvi i wapi?" Damas akajibu, "Bi Mwajabu, samaki akishaingia mle, kwa nini hatoki alikoingilia?" Bi Mwajabu anasema alinyanyua mkono ampige, akajikuta anamweleza. Mama hakuishia kueleza, alipiga kwanza.

Alisoma shule ya msingi hapa Kibiti, akaendelea Utete, kisha sekondari huko Pugu. Mwaka 1967 akaingia chuo kikuu kusoma jiografia, na baada ya shahada ya pili akaajiriwa hapohapo mwaka 1974 kuwa mhadhiri. Tarehe 30 Agosti 1975 alifunga ndoa na wifi yangu Theopista, mwalimu mwenzake, katika kanisa hili. Wifi anasema alipoposwa aliulizwa maswali mengi kuliko aliyoulizwa kwenye usaili wa kazi, na alikubali kwa sababu ndiye mwanamume wa kwanza aliyesubiri majibu.

Sasa nifike kwenye kazi, maana huko ndiko alikoacha roho yake. Wakubwa mnakumbuka mambo yalivyokuwa vyama vingi viliporuhusiwa na kila kitu kikawa soko huria. Chuoni kulikuwa na somo moja la lazima kwa wanafunzi wote, la tangu enzi za chama kimoja, na sasa hakuna aliyejua la kulifanyia. Wanafunzi walikuwa wakilala humo, na walimu nao wakiwaonea wivu. Mwaka 1993 ikaundwa kamati ya kupitia upya masomo ya lazima, na marehemu akawa mjumbe. Wengine walitaka lifutwe kabisa, wengine liwekwe la kompyuta, wengine la biashara. Damas akaja na swali lake: mhandisi, mwanasheria na daktari, ni kitu gani ambacho wote watatu lazima wakijue kabla hawajaachiwa watu?

Swali hilo lilimwingia kama homa. Likizo alikuja nalo hapa Kibiti, hakula mpaka amemuuliza kila mtu. Mama alimjibu, "Wajue kusalimia." Bi Mwajabu akasema wajue kunyamaza. Mimi ni muuguzi, nikamwambia wajue kunawa mikono. Aliandika yote, kisha akatuuliza kwa nini majibu yetu hayafanani, tukaanza kugombana sisi kwa sisi naye anatazama kwa furaha kabisa.

Kwenye kamati hiyo alikuwemo Ismaily Mbonde, mhandisi, mzaliwa wa Chumbi. Mnamjua, yupo kati yetu. Mndengereko na Mnyamwezi ni watani, na hawa wawili walikuwa wamekamiana tangu siku ya kwanza walipopewa ofisi jirani. Katika kikao kimoja cha mwaka 1994 Ismaily alisema ratiba ya wahandisi imejaa, hakuna nafasi ya kozi ya maswali. Damas akakataa. Ndipo Ismaily akasimama mbele ya wote: "Babu yake huyu aliletwa pwani kubeba mizigo ya watu, njia ya kurudi kwao akaisahau. Leo mjukuu ndiye wa kutufundisha cha lazima?" Damas naye: "Nyamaza, mla panya we! Siku ukifa nitakuchuna ngozi niiuze, nipate nauli ya hiyo Tabora."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa profesa kijana aliyekulia ughaibuni, amerudi nchini hana hata mwaka. Alisikia makabila, akasikia matusi, akasikia habari za kuchuna mtu ngozi. Akavunja kikao, akaandika kwa wakubwa kwamba wajumbe wawili wametukanana kikabila. Mnajua ukabila unavyochukuliwa nchini mwetu. Kamati ikasimamishwa, na watuhumiwa wakaitwa kwa mkuu wa chuo kusuluhishwa.

Walikwenda pamoja, kwa pikapu ya Ismaily, wakila muhogo wa kuchoma kwenye karatasi moja. Mkuu wa chuo, mtu wa bara anayezijua mila, aliwatazama mlangoni, akainamisha kichwa kucheka. Profesa kijana aliona haya mpaka mtu unamhurumia. Marehemu hakumcheka. Alivuta kiti karibu yake akamuuliza, "Kwenu watani wenu ni nani? Nani huja kuwachekesha msibani?" Yule bwana akasema hajui, hajawahi kumuuliza mtu. Wakakaa hapo mpaka chai ikapoa.

Kaka aliniambia baadaye kwamba siku ile ndiyo alipopata jibu lake. Watu wasomi walikuwa wamekaa meza moja miezi kadhaa, na mmoja akakaribia kuwafukuzisha kazi wenzake kwa sababu tu hakuuliza. Akaandika pendekezo la somo jipya: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa sheria, wa udaktari au wa uhandisi, ajifunze namna ya kuuliza na kusikiliza, na likizoni aende mahali asikokujua, akae na watu, arudi na swali ambalo hata mwalimu wake hana jibu lake. Ismaily, yule wa ratiba imejaa, ndiye aliyekuja kulitetea kuliko wote. Aliulizwa amebadilishwa na nini, akasema ameona afadhali wahandisi waulize kabla ya kujenga kuliko baada.

Kuanzia 1995 likakubaliwa kwa majaribio, kwa wachache wanaopenda. Binti mmoja wa sheria kutoka Moshi alipelekwa Chumbi kwenye mashamba ya mpunga. Akarudi na swali: mafuriko yakihamisha mkono wa mto, na mpaka ulikuwa huo mto, shamba ni la nani? Walimu wake walibishana muhula mzima. Marehemu alinipigia simu ya posta kunisimulia hayo tu, simu ya gharama ile, akicheka kama amepata mtoto.

Lakini majaribio si lazima, na miaka ile ya kubana matumizi kila kisicho cha lazima kilikuwa kinakatwa. Mwezi huu wa Mei chuo kilikuwa kiamue: liwe la wote, au life. Kaka hakuwa na ombi jingine duniani. Alianza kuugua figo Desemba iliyopita, mvua zile kubwa zilipoanza, akalazwa Dar es Salaam mara tatu. Nilichukua likizo nikamuuguze. Madaktari walimwogopa, maana kila sindano aliidai maelezo.

Jumanne tarehe 12 Mei 1998 kikao kilikaa asubuhi. Mchana Ismaily akaingia wodini amekunja uso. Akasimama miguuni pa kitanda akasema, "Mnyamwezi, somo lako limekufa. Tumelizika saa nne, na sanda tumekopa kwa jina lako." Ulikuwa utani. Somo lilikuwa limepita, la lazima kwa wote kuanzia mwaka mpya wa masomo, na Ismaily alitaka atukanwe kwanza ndipo ampe habari vizuri. Kaka alikuwa amefumba macho, hakujibu. Muuguzi wa zamu akatutaka tupunguze watu, Ismaily akatoka kidogo. Aliporudi, Damas hakuwa tena mtu wa kuzungumza. Alifariki jioni hiyo.

Marehemu ameacha mama yetu mzazi, Mama Yasinta. Mjane, wifi Theopista. Watoto wawili, Michael na Vicky. Sisi wadogo zake watatu. Na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka ishirini na minne.

Yanayofuata hayamo kwenye kijitabu mlichoshika, nimeyaandika usiku wa jana. Kimila mtani si mfiwa. Kazi yake leo ni kutuudhi. Watani wengine tangu asubuhi wameziba njia ya kaburini wanadai jogoo, lakini Ismaily amekaa kando peke yake, hadai kitu. Jana tulipokwama Bungu alinifuata nyuma ya gari. "Dada Consolatha," akasema, "nambie kweli. Alijua kama natania? Au nimemuua na uongo wangu?" Nikalia tu.

Kaka Ismaily, nisikilize. Ulipotoka wodini, Damas alifumbua macho akaniuliza, "Concha, wakiwa wote wa mwaka wa kwanza watakaa ukumbi gani? Pale hapana ukumbi wa kuwatosha." Nikadhani ni homa, nikamfuta jasho. Jana usiku, kalamu mkononi, ndipo nilipoelewa. Alikuwa anawatafutia viti wanafunzi wa somo lake. Alijua, kaka yangu, alikujua wewe na uongo wako wote. Basi inuka, mtani, nenda pale kaburini ukatusumbue inavyopasa, ndipo Damas wetu alale kwa amani.