Lusubilo Bila Jezi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Jioni hii tunamkumbuka Lusubilo Kibona, mpakia mizigo wa hapa Tunduma, shabiki wa timu ya Radi ya Mpakani. Lusubilo hakuuawa na wapinzani. Narudia, maana wengi wanaieleza vibaya: Lusubilo aliuawa na mashabiki wenzake wa njano.

Alizaliwa Mbebe, kule Ileje kwenye baridi. Mwaka 1998 alishuka Tunduma, kijana asiye na ndugu hapa mjini wala pa kulala. Radi ndiyo iliyompokea. Masudi, mpiga ngoma wa mashabiki, alimvika jezi ya njano akamwambia, "Kuanzia leo una ukoo."

Ukoo huo akaushika kwa meno. Nyumbani alikataa kula kwenye sahani ya bluu, kwa kuwa bluu ni rangi ya Chapakazi, mahasimu wao. Na hakuwa malaika, wapendwa. Alimvunja mtu taya kwa tofali, kisa eti mtu huyo aliliita goli la Radi la kuotea.

Mkewe, Nesta, anakumbuka. "Alirudi na damu ya mtu kwenye viatu, anaimba. Nikamwambia, Baba Tabita, huyo naye ana mama. Akanijibu, huyo ni Chapakazi."

Sasa, Enoka, kaka yake Nesta, ni Chapakazi damu damu. Siku ya harusi alimchokoza bwana harusi: "Shemeji, dada yangu umempata, kombe hulipati ng'o!" Wakacheka wote. Utani ulikuwa bado una meno ya maziwa.

Ikaja fainali ya mwaka 2011, Radi na Chapakazi, mshindi aondoke na ng'ombe. Dakika za mwisho, penalti. Radi ikafungwa. Jiwe la kwanza likampata mshika kibendera. Zikafuata spana za magurudumu, minyororo ya malori, chupa. Watu walikanyagwa, mifupa ikalia.

Enoka alibanwa nyuma ya goli, jezi ya bluu mwilini, kichwa kimepasuka. Wa kwanza kumfikia alikuwa Lusubilo. Tofali mkononi.

"Niliona tofali nikajua shemeji ananimaliza," anasimulia Enoka. "Akalitupa. Akanivua jezi yangu, akanivika yake. 'Vaa, mjinga wewe! Nikirudi bila wewe, dada yako nitamwambia nini?'"

Enoka akapita katikati ya wale wale waliokuwa wakimwinda. Mmoja akampigapiga bega: "Pole, mwanetu, wamekuumiza hao washenzi!"

Lusubilo akabaki kifua wazi, jezi ya bluu mkononi. Wakaja. Wakaona bluu. Ni watu aliobeba nao magunia miaka na miaka, waliokula naye sinia moja. Uso hawakuutazama. Walipiga mbavu, walipiga kichwa, walipiga mpaka spana zikateleza kwa damu.

Alifia hospitali kesho yake.

Siku ya kumuaga, mashabiki wa Radi walifika na bendera ya njano na jezi mpya. Masudi alikuwa mbele. "Shemeji, tunaomba tumvalishe ndugu yetu."

Nesta alisimama, mtoto wao Tabita mgongoni. "Weka chini, kaka Masudi. Mlishindwa kumjua bila jezi, basi mtamzika bila jezi. Fungueni jeneza. Piteni mmoja mmoja, mumtazame usoni."

Wakapita. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limezama. Masudi alipofika akashika ukingo wa jeneza.

"Aliniita," akasema. "Mtu chini yangu alikuwa anaita, Masudi, Masudi. Nikasema, huyu Chapakazi jina langu kalipata wapi? Nikaongeza."

Nesta akamtazama usoni. "Nenda polisi ukayaseme hayo. Lakini ivue kwanza."

Masudi akaivua jezi ya njano, akaiacha mchangani. Akatembea hadi kituoni kifua wazi, barabara nzima ikimtazama usoni.

Pole sana, Nesta. Pole, Enoka, uliyebaki. Poleni wazee wa Mbebe mliomlea. Tabita, Mungu akukuze. Siku moja utaambiwa baba yako alilitupa tofali.

Wasikilizaji wapendwa, Jumapili kuna mechi. Nendeni mkashangilie, kushangilia si dhambi. Ila kabla hujaokota chochote, mtazame usoni aliye mbele yako. Ana jina. Huenda na lako analijua.