Moto Alioomba Mama Muthoki

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee wa mtaa, na nyinyi akina mama mliofika na kuni katika ukungu huu, familia inawasomea maisha ya Nthenya Mutiso, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Muthoki, na tunaomba msogee karibu na moto, kwa sababu yeye hangekubali mtu asikilize habari zake huku anatetemeka.

Nthenya alizaliwa karibu na Migwani, Kitui, mwaka wa 1943, tarehe hakuna aliyeiandika, ila mama yake alikuwa akisema ni wakati wa kuvuna mbaazi, na mtoto alitoka akilia kama anayedai fungu lake. Alisoma miaka miwili tu, kisha mbuzi wakamhitaji kuliko mwalimu, na jina lake alijifunza kuliandika baadaye sana, katika masomo ya ngumbaru, ya watu wazima, pale Mbumbuni mwaka wa 1980, akaliandika kwa kaa mlangoni mwa jikoni, na liko hadi leo.

Tarehe 18 Agosti 1962 aliolewa na Mutiso, ambaye ameketi hapa mbele yetu, akaletwa huku kilimani, akakutana na baridi ambayo kwao hawaijui, ile ya ukungu unaoshuka alfajiri na kukaa mpaka saa sita kama mgeni asiye na haya. Mama mkwe wake alimkuta amejikunja ndani ya gunia kando ya meko, akamcheka, "Wewe wa Kitui, jua lenu umelisahau nyumbani?" naye akajibu bila kutoa kichwa, "Sikulisahau, mwaitu, mama yangu, nimeliacha liwaangalie wazee, niliambiwa huku kuna moto." Wakapendana tangu siku hiyo, na meko yake hayakuzimika tena, kila jioni alifukia makaa kwa majivu, na jirani ambaye moto wake ulikufa alijua pa kwenda na kigae chake, maana kwetu moto ukiombwa haunyimwi, hata mkiwa mmegombana.

Mungu alimjalia Muthoki mwaka wa 1964, Mutindi 1967, Musembi 1970 na Mwangangi 1974. Mutindi alizaliwa njiani, tarehe 3 Mei, kwenye mteremko wa kutoka mtoni, mtungi wa maji ukiwa bado mgongoni mwa mama yake, akapewa jina hilo kwa vile mama alikawia kurudi, na Nthenya akasema siku ile ile kwamba yeye hafi kabla maji hayajasogea.

Kazi yake ilikuwa shamba, kusuka vyondo, na kuongoza mwethya, yaani kundi letu la kulimiana na kuchimbiana matuta kwa zamu, ambalo alilishika tangu mwaka wa 1971. Asubuhi za mwezi wa saba, wakati hata jogoo anafikiria mara mbili, alipita milangoni akiita, "Amkeni, jembe halisikii baridi, ni nyinyi tu!" na mzee mmoja akamjibu kutoka kitandani, "Basi liache jembe litangulie."

Mwaka wa 1985, baada ya ile njaa, tukaahidiwa saruji ya kujenga ukuta mtoni, ili mchanga ushike maji, na ubishi ukawa ni mahali. Mzee Jonah, mwenye duka, alitaka ukuta uwe juu, ndani ya ua wake, na akina mama walitaka uwe chini kwenye njia panda, ambapo hakuna lango la mtu. Tarehe 16 Julai likaitwa baraza, tukaambiwa tupige mstari, wanaotaka juu wasimame nyuma ya Jonah, na wanaotaka chini nyuma ya Nthenya.

Manyunyu yalikuwa yakianguka, watoto wamelowa migongoni, na watu wa Jonah wakawa wamewasha moto mkubwa upande wao, na birika la chai juu yake. Basi watu wakaenda kuota, bila kufikiria mstari, hata Mutiso mwenyewe alikuwa pale akipasha magoti, na karani akaanza kuhesabu. Nthenya alitazama nyuma akaona karibu yuko peke yake, akaelewa kwamba maji yanakwenda nyuma ya lango kwa sababu ya baridi tu. Hakupiga kelele. Alikwenda mpaka kwa Jonah, mbele ya wote, akasema kama jirani yeyote mwenye meko baridi, "Mzee Jonah, kwangu moto umekufa, naomba."

Jonah akatazama wazee, akampa kijinga cha moto kwa mkono wake. Nthenya akakibeba hadi upande wake, akina mama wakakusanya vijiti, moto ukawaka, na watu walipoona kuna pa kuota pande zote mbili, kila mtu akasimama alipotaka, Mutiso akiwa wa kwanza kuvuka, huku mkewe akimwambia, "Karibu, baba, magoti yako yamepiga kura kwanza, sasa lete na kichwa." Mstari wa chini ukashinda. Jonah akasema, "Umenishinda kwa moto wangu mwenyewe," naye akajibu, "Umenikopesha tu, siku moja utarudi."

Maji ya njia panda tunayachota mpaka leo, na Jonah huyachota pia.

Mwezi wa tano mwaka huu wa 1996 kifua kilimshika, akalazwa hospitalini Tawa, akarudi akiwa na nafuu kidogo, kisha asubuhi ya Alhamisi, tarehe 11 Julai, akatuacha. Katika kilio kile hakuna aliyekumbuka meko, na jioni tulipotaka kuwapikia wageni tukakuta majivu matupu, mara ya kwanza tangu mwaka wa 1962. Aliyeingia mlangoni wakati huo ni Mzee Jonah, ameshika kigae chenye makaa, akasema neno moja tu, "Nimerudisha." Moto mnaouota sasa ni huo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa lililoomba nasi, majirani waliochota maji bila kutumwa, na mwethya wote waliochimba kaburi hili katika baridi.

Pumzika kwa amani, Mama Muthoki, makaa tutayafukia sisi.