Mikono Aliyoifundisha Beldina Nyabate

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Kiwanda cha Chai Chepsoiyat, Meneja wetu, na wakulima mliokanyaga matope kutoka Kimulot: chamgei, hamjambo nyote. Sisi wafanyakazi wa ukumbi wa kupakia tunawakaribisha kwa furaha, ingawa tuna neno kifuani.

HISTORIA

Mwaka jana kiwanda kilileta mikono miwili ya roboti. Ni myepesi, watu wawili wanabeba mmoja bila kutoa jasho. Haina uzio, inafanya kazi ubavuni mwetu, na ukiigusa inasimama papo hapo isikuumize. Tuliiogopa, tusidanganyane. Fundi alisema hufundishwa kwa kushikwa na kuongozwa, akachaguliwa Beldina Nyabate, aliyepakia chai hapa miaka kumi na tisa. Siku tatu aliiongoza polepole, mpaka ikajua kuchukua pakiti na kuilaza kwenye katoni. Alirudi nyumbani akijiuliza kama amemfundisha atakayemfukuza.

MAFANIKIO

Hatuinami tena kutwa nzima. Hakuna aliyefutwa. Beldina aliacha dawa ya mgongo, akaanza kuisifu mikono hiyo hata kanisani.

CHANGAMOTO

Kosa la kwanza ni letu. Hapa kwetu mtu haanzi kazi kabla ya kusalimia wenzake kwa mkono. Basi kila asubuhi tulipita wote thelathini na wawili tukiisalimu mikono ile, nayo kila ikiguswa ikasimama. Ofisi ikatoa tangazo kwamba mtu asiiguse. Tulicheka, tukatii.

Kosa la pili si letu. Mwezi Mei, Beldina alibonyeza pakiti moja, ikatoa pumzi. Mdomo haukuwa umefungwa sawa. Mkono wa roboti hauhisi hayo. Aliufundisha kubeba tu. Kitufe chekundu kiko mwisho wa ukumbi, kwa hivyo akaushika, ukasimama. Msimamizi wetu, Bw. Benard, akaja mbio.

"Mama Beldina, si tulisema hii mambo ya kusalimia mashine iishe?"

"Sisalimii, Benard. Hii pakiti haijashika. Finya uone."

"Toa mkono hapo. Watu wa ofisi wanaangalia."

Hakuifinya. Beldina aliusimamisha mkono ule mara tano zaidi, akapewa barua ya kukaa nyumbani. Wiki mbili baadaye shehena ya pakiti zile ilirudishwa kutoka Mombasa, chai imeingia unyevu. Shehena imerudi, Beldina bado. Jambo hili limetuuma sana. Bw. Benard mwenyewe ametia sahihi risala hii.

MAOMBI

Tunaomba paa la choo cha wanawake lizibwe. Tunaomba kitufe chekundu kisogezwe karibu. Na tunaomba Beldina arudi kazini.

Mgeni rasmi, leo unazindua mikono mingine miwili. Inang'aa, na haijui lolote. Fundi anasema inasubiri mtu wa kuishika. Mtu huyo yuko nje ya lango tangu saa moja asubuhi, amevaa aproni yake ya kazi, na mlinzi hawezi kumfungulia kwa sababu kadi yake ilichukuliwa. Ulipoingia ulimpungia mkono.

Mungu akurudishe kwako salama, na aizuie mvua ya mawe isiguse majani yetu.

Ni sisi, wafanyakazi thelathini na wawili wa Ukumbi wa Kupakia, tukiwa hapa thelathini na mmoja.